Kabla Hujalipa Kodi: Mwongozo Kamili wa Kumkagua Dalali na Mwenye Nyumba Dar es Salaam

Wapangaji wengi wanaotapeliwa Dar es Salaam si wazembe. Wanakwenda kuiona nyumba. Wanafungua bomba waone kama maji yanatoka, wanawasha taa, wanapima chumba kwa hatua wajue kama kitanda cha sita kwa sita kitaenea na mlango bado ukafunguka. Baada ya hapo wanamkabidhi kodi ya miezi sita mtu ambaye hawajamkagua hata kidogo.

Mambo yanatibuka siku ya kuhamia. Kirikuu imeshusha godoro getini, na mama anayetoka ndani anauliza, "Samahani, nyie mnamtafuta nani?"

Nyumba yenyewe haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwa aliyepokea hela, maana hakuwa na haki ya kuipokea. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinatafuta jibu la swali moja: anayetaka kodi yangu ni nani, na nani mwingine, asiye na maslahi, anayethibitisha? Ukaguzi wa paa, maji na choo una mahali pake. Hapa tunakagua watu.

Uangalie pia ukubwa wa hela yenyewe. Chumba masta cha shilingi 150,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita ni 900,000. Ongeza ya dalali, ambayo kwa mazoea ni kodi ya mwezi mmoja, unafika 1,050,000 kabla hujalala humo hata usiku mmoja. Hakuna kitu kingine cha bei hiyo ambacho ungekinunua kwa mtu uliyekutana naye jana.

## Vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho chako. Utamdai mwenye nyumba chake, naye ana haki ya kuona chako.
- Daftari dogo na kalamu. Humo utaandika majina, namba za simu, namba ya mita na namba ya nyumba. Simu inazima chaji, inaibiwa, inaanguka. Daftari linabaki.
- Simu yenye chaji, salio na nafasi ya kupiga picha.
- Mtu wa kukusindikiza, ikiwezekana aliyekuzidi umri na asiyeipenda nyumba hiyo kama unavyoipenda wewe. Huyo atauliza maswali ambayo wewe utayaonea haya.
- Nakala mbili za rasimu ya mkataba. Chapisha stesheneri kabla. Ukienda mikono mitupu utaandikiwa mkataba wa juu juu kwenye karatasi ya daftari.
- Nauli na hela kidogo ya dalali tu. Kodi ibaki benki. "Kuna mtu anakuja na hela saa hizi" ni maneno yanayomtisha tu aliye na hela tayari kwenye simu.

Kingine cha kuandaa ni muda. Tenga angalau siku tatu kati ya kuiona nyumba na kuilipia. Mwenye nyumba wa kweli atanung'unika, lakini mara nyingi atakusubiri. Tapeli hana siku tatu, kwa sababu kila siku inayopita inamsogeza karibu na mtu atakayemuumbua.

## Hatua ya 1: Chuja tangazo ukiwa bado kitandani

Vyumba siku hizi vinatangazwa Facebook, Instagram, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye status za madalali. Picha moja inaweza kuzunguka kwa madalali kumi, na tisa kati yao hawajawahi kukanyaga nyumba hiyo.

Kabla hujatoa nauli, omba vitu vitatu kwa ujumbe wa maandishi.

Kwanza, mahali hasa. "Sinza" peke yake si mahali. Sinza ipi, Makaburini, Mori, Kumekucha au Palestina? Karibu na nini? Mtu anayeijua nyumba anajibu bila kufikiri: kituo gani cha daladala, unaingia kwa duka gani, geti la rangi gani.

Pili, video iliyopigwa leo. Aanzie kwenye mita ya umeme, apite vyumbani, atoke hadi barabarani bila kukata. Picha nzuri za sebule unaweza kuziokota popote mtandaoni, lakini video ya namna hii inamlazimu mtu awe ndani ya nyumba.

Tatu, bei na miezi. Nyumba ya vyumba viwili yenye fensi, maji na paking ambayo kodi yake ni nusu ya zile za jirani ni chambo. Nimeshaona watu wakijishawishi kwamba "mwenyewe yuko Ulaya, hana shida na hela". Asiye na shida na hela hatangazi nyumba kwa haraka namna hiyo.

Tahadhari: usitume advansi ya "kukushikia chumba" ambacho hujakiona. Hata elfu ishirini. Chumba kikichukuliwa na mwingine, acha kichukuliwe.

Ukiwa na mtaa kamili, alama ya karibu na video ya leo, toka uende. Ukiwa na ahadi tu, endelea kulala.

## Hatua ya 2: Mjue dalali, na ujue ni wa ngapi kwenye foleni

Hela ya kuonyeshwa nyumba ipo, na sitakudanganya kwamba unaweza kuikwepa kila mara. Lakini kubalianeni mapema: unalipa mara moja kwa mzunguko mzima, si kwa kila mlango, na unalipa baada ya kuona. Kuna watu wanaoishi kwa hela hiyo peke yake. Wanakuzungusha kwenye vyumba vilivyokwisha kupangishwa, mradi jioni wawe wamepata elfu kumi kumi za watu watano. Utawajua kwa jambo moja: mnapofika, aliyemo ndani anashangaa kuwaona.

Muulize maswali haya mkiwa njiani, kwa sauti ya kawaida tu:

"Funguo anazo nani?"

"Umeongea na mwenye nyumba leo? Anaitwa nani?"

"Aliyekuwa anakaa hapo amehamia wapi?"

"Tukikubaliana, nyie madalali mko wangapi?"

Swali la mwisho lina kazi kubwa. Mara nyingi dalali uliyempata ameletewa nyumba na dalali mwingine, naye kaletewa na mwingine. Kila mmoja anataka kula, na wakati mwingine cha juu, yaani hela ya ziada ya kwao, kinapakiwa kwenye kodi yako bila mwenye nyumba kujua. Dalali anayekuambia "tuko wawili, tunagawana mwezi mmoja wako" anakupa taarifa ya kweli unayoweza kuifanyia kazi. Anayeapa kwamba yuko peke yake huku kila dakika akipiga simu kuuliza njia ana lake jambo.

Kisha nenda kwenye kijiwe chake. Madalali wengi wa mtaani wana sehemu wanayokaa, chini ya mti au pembeni ya duka, na kibao cha "Dalali: vyumba, nyumba, viwanja" kimepigiliwa hapo. Waulize majirani wa kijiwe kama wanamfahamu na yupo hapo tangu lini. Asiye na kijiwe, asiye na ofisi, na ambaye hakuna anayemjua zaidi ya namba ya simu, huna pa kumfuata mambo yakiharibika.

Makubaliano ya kamisheni yaweke kwenye ujumbe: "Kaka, tumekubaliana kamisheni ni kodi ya mwezi mmoja, 150,000, nitakupa siku ya kukabidhiwa funguo. Nijibu kama sawa." Jibu la "sawa" lililomo kwenye simu yako litakuokoa na ugomvi wa wadai watatu siku ya kuhamia.

Dalali mzuri yupo, tena wengi. Anamjua mwenye nyumba kwa jina, anajua mpangaji aliyepita aliondoka kwa nini, na atakuambia bila kuulizwa kwamba maji yanatoka mara mbili kwa wiki. Huyo mlipe haki yake yote na uitunze namba yake.

## Hatua ya 3: Onana na mwenye nyumba, na muonane hapohapo nyumbani

Msikutane hotelini, wala kituo cha mafuta, wala "ofisini kwa wakili wangu Posta". Mkutane kwenye nyumba, mchana. Tapeli anaogopa kusimama muda mrefu mbele ya geti ambalo si lake, kwa sababu jirani anaweza kupita na kumuuliza anafanya nini.

Salimia kwanza, shikamoo inapohitajika, kaa, ongea kuhusu nyumba. Kisha: "Mama, samahani, hiki hapa kitambulisho changu. Naomba nami nione chako, tuandikiane mkataba vizuri." Ukitoa chako kwanza ni nadra mwenye nyumba wa kweli kukasirika, maana naye anataka kujua anamweka nani ndani.

Ukikishika, angalia vitu viwili. Picha na sura, hilo la wazi. La pili, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ukianza na mwaka. Aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1968, namba yake inaanza na 19680305. Zisipolingana na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi hiyohiyo, rudisha kadi, aga, ondoka.

Sasa jaribio la simu. Chukua namba anayotaka kulipwa, anza kana kwamba unamtumia hela kwa M-Pesa, Airtel Money au mtandao wowote alio nao. Kabla ya namba ya siri, jina la aliyesajili laini litatokea. Lisome, kisha ghairi. Hujatumia hata senti. Jina likiwa la mtu mwingine kabisa, uliza kwa nini. "Hiyo laini ya mwanangu" ni jibu linalowezekana, lakini mkataba na malipo yasipite kwa mwana huyo bila maandishi.

Kisha mita. Namba ya mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ina tarakimu 11. Mwambie akuonyeshe ujumbe wa zamani wa kununua umeme wa nyumba hiyo, ulinganishe na namba iliyo kwenye mita ukutani. Kama wapangaji hujinunulia wenyewe huenda hana ujumbe huo, hivyo usimhukumu kwa hilo peke yake. Omba basi bili ya maji ya DAWASA ya hivi karibuni, ambayo huwa na jina la mteja.

Kama anayepangisha si mwenyewe bali mtoto, shemeji au msimamizi, omba barua ya uwakilishi yenye saini ya mwenyewe, bora ikiwa imeshuhudiwa na wakili, na upige simu ya video kwa mwenye nyumba huku msimamizi akiwa amekaa mbele yako. Katika simu hiyo muombe mwenye nyumba ataje jina la msimamizi na kiwango cha kodi. Hapo ndipo cha juu hujitokeza chenyewe: mwenyewe anasema laki na ishirini, msimamizi alishakuambia laki na nusu.

Hatua hii imekamilika ukiwa na jina moja linaloonekana katika sehemu zaidi ya moja: kitambulisho, laini ya simu, na karatasi yoyote ya nyumba.

## Hatua ya 4: Rudi jioni bila dalali

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hii. Wengi huiruka kwa sababu wameshaipenda nyumba na hawataki kusikia neno baya.

Nenda kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, watu wakiwa wamerudi kazini. Nunua kitu kwa mangi wa dukani, vocha au soda, kisha uliza: "Samahani, ile nyumba ya geti la bluu ni ya nani?"

Angalia swali lilivyo. Usiulize, "Ile ni nyumba ya Mzee fulani, eti?" Ukiuliza hivyo umeshampa jibu, naye kwa adabu atakuitikia "ndiyo" hata kama hajui. Acha jina litoke kinywani mwake. Kisha uliza hivyohivyo kwa mama wa genge na kwa vijana wa bodaboda. Watu watatu wasiohusiana wakitaja jina lilelile ulilolisoma kwenye kitambulisho, umepata ushahidi wa maana kuliko mhuri wowote.

Wakitaja jina jingine, usikimbilie kusema ni wizi. Huenda mtaa unamjua kwa jina la mtoto, "Baba Neema", au nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Endelea kuuliza mpaka upate mstari ulionyooka.

### Ongea na wapangaji wenzako watarajiwa

Kama ni nyumba ya uani yenye wapangaji kadhaa, bisha hodi. Maswali matatu yanatosha:

- Kodi mnamlipa nani, na kwa njia gani?
- Umeme na maji mnagawanaje? Kila mtu na LUKU yake, sabmita, au mnachanga?
- Kodi ikiisha mnapewa siku ngapi, na mara ya mwisho ilipandishwa lini?

La kwanza linakuambia kama mwenye nyumba ni huyo. La pili na la tatu yanakuambia ni mwenye nyumba wa namna gani, maana kuna wa halali kabisa ambaye ukichelewa siku mbili anakuzimia umeme, au anayeongeza masharti ya wageni na saa za geti baada ya kukupokea. Sikiliza pia namna wanavyojibu. Mpangaji anayeangalia nyuma kabla ya kuongea ameshakujibu.

### Soma kuta

Maandishi "NYUMBA HII HAIUZWI" yamechorwa kwenye kuta nyingi Dar. Maana yake mara nyingi ni kwamba kuna ugomvi wa familia, au matapeli walishajaribu kuiuza. Haimaanishi usipange hapo, lakini inamaanisha usilipe kabla hujajua nani na nani wanagombana.

Alama ya X kwa rangi nyekundu ni jambo zito zaidi. Kwa kawaida ina maana jengo limewekwa kwenye orodha ya kubomolewa, hasa likiwa ndani ya hifadhi ya barabara. Waliokuwa wanakaa Kimara mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipokuwa inatanuliwa, hawahitaji kuelezwa. Mtu anayekupangisha nyumba yenye X anaweza kuwa mwenye nyumba wa kweli na bado akawa anakuibia. Angalia kama X imepakwa rangi juu yake. Jua la jioni likipiga ubavuni mwa ukuta, mchoro wa chini huonekana.

### Utapeli wa nyumba yenye samani

Huu unawapata zaidi wanaotafuta apatimenti za Mikocheni, Kijitonyama na kwingineko. Tapeli anakodi apatimenti ya siku chache, kisha anaionyesha kwa watu kadhaa kama yake na kupokea kodi za wote. Funguo ni za kweli, na yeye mwenyewe anaingia na kutoka bila wasiwasi.

Dalili ziko ndani. Nywila ya waifai imebandikwa ukutani kwenye karatasi iliyopigwa laminesheni. Bafuni kuna sabuni ndogondogo. Kabati halina nguo hata moja, jikoni hakuna unga wala chumvi iliyofunguliwa. Mlinzi wa getini anamwita "mgeni". Muulize mlinzi huyo, ukiwa peke yako, huyu bwana amefika lini.

Utapeli unaofanana na huo ni wa mpangaji anayehama, ambaye siku zake za mwisho anajigeuza mwenye nyumba na kukupangisha chumba anachokiacha. Mtu akionyesha nyumba huku mizigo yake imefungwa kwenye viroba, sisitiza zaidi kumuona mwenye nyumba mwenyewe.

## Hatua ya 5: Pita ofisi ya serikali ya mtaa

Ofisi ipo karibu, ina bendera nje, na utaihitaji baadaye kwa barua ya utambulisho: ya benki, ya NIDA, ya dhamana. Kwa hiyo safari hii haipotei.

Jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa: "Nataka kuhamia hapa mtaani kwenu, nyumba namba fulani, nimeambiwa ni ya fulani. Naomba kujua kama mnamfahamu, na kama kuna mgogoro wowote." Tumia namba iliyo kwenye kibao cha anwani ya makazi ukutani, usitegemee maelezo ya "karibu na mwembe". Kama mwenyekiti ni wa uchaguzi wa Novemba 2024 na hajui historia ya nyumba hiyo, muombe akuelekeze kwa mjumbe wa siku nyingi. Hao wanajua hata nani alizikwa lini.

Tahadhari: nenda ofisini mwenyewe. Dalali akikuletea "mwenyekiti" kijiweni, au akikupa namba ya simu ya mwenyekiti, hujathibitisha kitu.

## Hatua ya 6: Karatasi za nyumba

Kwa chumba kimoja cha uani, hatua ya nne na ya tano zinatosha badala ya karatasi. Kwa nyumba nzima, au kodi ya mwaka mzima, omba kuona karatasi.

Zinaweza kuwa hati miliki, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano uliopitia serikali ya mtaa. Sehemu kubwa ya Dar imejengwa kwenye maeneo yasiyopimwa, hivyo kukosa hati si dalili ya utapeli. Dalili ni kukataa kuonyesha chochote. Penye hati, chukua namba yake na ufanye upekuzi kwenye ofisi za msajili wa hati. Utajua jina la mmiliki na kama nyumba imewekwa rehani benki.

Nyumba ya marehemu ina mtego wake. Watoto watano wana haki, mmoja anapokea kodi, wanne wanakuja kukutoa. Omba barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na mkataba usainiwe na huyo aliyetajwa humo. Kwa nyumba ya mke na mume, wote wawili wasaini. Ni karatasi ileile, kalamu ileile, na inazuia mengi.

## Hatua ya 7: Mkataba

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu ukiwa umefanya ya juu vizuri mkataba ni kuandika tu mlichokwisha kukijua. Usikose haya:

- Majina matatu ya pande zote, namba za vitambulisho na simu.
- Namba ya nyumba, mtaa, kata, na chumba au vyumba vipi hasa.
- Kodi kwa mwezi, jumla iliyolipwa, tarehe ya kuanza na ya kuisha.
- Namba ya mita na uniti zilizomo siku ya kuingia.
- Notisi ni ya muda gani kwa kila upande, na kodi iliyobaki inarudishwaje ukitolewa kabla ya muda.
- Matengenezo makubwa ni ya nani.
- Mashahidi wawili, mmoja wako na mmoja wake. Serikali ya mtaa au wakili akigonga mhuri, bora zaidi.

Dalali anaweza kuwa shahidi wa tatu. Asisaini kama mpangishaji.

Sainini kila ukurasa, nakala mbili, kila mtu na yake.

## Hatua ya 8: Malipo

Lipa benki, kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba. Kama ni simu, jina linalotokea kabla ya namba ya siri liwe hilohilo. Kama mwenye nyumba ni mzee anayetaka taslimu, mpe mbele ya mashahidi, aandike risiti kwa mkono wake, na piga picha ya risiti akiwa ameishika.

Kodi haipiti kwa dalali. Hata akiwa rafiki, hata kama "mwenye nyumba ameniamini nimpokelee".

Jaribu kuomba miezi mitatu badala ya sita. Wengi watakataa, wengine watakubali kwa kodi ya juu kidogo. Kwa maoni yangu nyongeza hiyo inafaa kulipwa kwa mara ya kwanza, kwani ukikosea umepoteza nusu.

Na uwe macho na ule ujumbe maarufu: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma kwenye namba hii." Unatumwa kwa watu bila mpangilio, na humnasa yule ambaye kweli anadaiwa kodi wiki hiyo. Mwenye nyumba akibadili namba, mpigie kwa ile ya zamani iliyo kwenye mkataba.

## Hatua ya 9: Siku ya funguo

Mpangilio uwe huu: chumba kitupu, funguo mkononi, mlango umefunguka na kufungika, ndipo malipo ya mwisho na kamisheni ya dalali. Ukilipa huku aliyetangulia bado yumo, umelipia ahadi.

Badili kitasa siku hiyohiyo. Wapangaji waliotangulia, madalali na mafundi wanaweza kuwa bado na nakala za funguo.

Nunua umeme kidogo na uusome ujumbe wote. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba ikikaa miezi mingi bila kununuliwa umeme, makato yanalimbikizana, na wewe ndiye utakayeyakuta. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mwonyeshe ujumbe mkubaliane aifidie kwenye kodi ya pango ijayo. Bili ya maji nayo iwe imelipwa hadi siku ya kuingia.

## Ukiwa mbali

Walioko Muscat, Dubai au mikoani wakitafuta nyumba kwa ajili ya familia ndio mawindo rahisi, maana hawawezi kufanya hatua ya nne. Mtume ndugu, na umtumie mwongozo huu kabla hajaenda. Usimtume mtu aliyekuletea dalali huyo. Hela ipite kwenye akaunti ya mwenye nyumba moja kwa moja, na ndugu yako awe amesimama mlangoni na funguo mkononi unapoituma.

## Kama hela imeshakwenda

Piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia saa hiyohiyo, uwaeleze umetapeliwa na utaje namba ya muamala. Kama hela bado haijatolewa kuna uwezekano wa kuizuia, na ndiyo maana dakika zina thamani. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Kisha nenda kituo cha polisi cha karibu ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo usikubali kuambiwa hayo ni madai ya kawaida mkayamalize nyumbani. Nenda na mkataba, picha, jumbe zote bila kufuta hata moja, na lile daftari.

Mgogoro ukiwa na mwenye nyumba wa kweli, mathalani amekutoa kabla ya muda au anakataa kurudisha kodi, anza kwa usuluhishi Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kitu cha kwanza watakachokuuliza ni nakala yako ya mkataba, kwa hiyo usiiache ndani ya chumba ulichofungiwa mlango. Mpe ndugu aitunze, na picha yake iwe kwenye barua pepe yako.